Kaburi Nililolikuta

Nafundisha asilimia. Kila mwaka, muhula wa pili, nasimama mbele ya watoto wa gredi ya sita katika shule moja karibu na Kondele na kuandika ubaoni: mama amenunua nyumba, ushuru ni asilimia nne ya bei, je, mama atalipa shilingi ngapi? Zamani mfano wangu ulikuwa wa machungwa. Niliubadilisha baada ya kununua nyumba mwenyewe, na hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza kwa nini.

Nyumba ni ya vyumba viwili, matofali ya kuchoma, mabati juu, haijapigwa lipu. Iko kando ya barabara ya kwenda Kombewa, mahali penye mawe mengi na mbuzi wengi zaidi. Aliyetuuzia ni mama mmoja mjane. Marehemu mumewe aliijenga ili aipangishe, na boma lao lenyewe liko ng'ambo ya kijia, hatua chache tu. Ukisimama mlangoni asubuhi unaliona ziwa kwa mbali, ukanda mwembamba wa rangi ya kijivu. Dada yangu alisema ukanda huo peke yake unatosha bei yote. Mimi nilimwambia atulie, tusije tukapandishiwa.

Nasema aliyetuuzia kwa sababu tulinunua wawili. Dada yangu alikuwa fundi cherehani, alishona sare za shule pale Kondele kwa miaka mingi kuliko niliyofundisha. Aliolewa, akaachika, ng'ombe wa mahari wakarudishwa. Mimi sikuolewa. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja na nusu, na kila mtu aliyetutembelea aliuliza tutakwenda wapi tukizeeka, wakati mwingine hata kabla ya kumaliza chai. Kwetu swali hilo si la mzaha. Binti aliyetoka nyumbani hana nyumba kwa baba yake, na akifa hazikwi ndani ya ua. Hilo tulilijua sote wawili. Hatukulizungumza. Tuliweka pesa tu, mwezi baada ya mwezi, hadi tukampata yule mama.

Jina kwenye mkataba liliandikwa langu peke yake. Kitambulisho cha dada bado kilikuwa na jina la mume, na alichoka kukimbizana na ofisi za kukibadilisha. "Jina lako linatosha," aliniambia. "Mimi niandikie kwa moyo." Alikuwa mtu wa kusema maneno kama hayo na kuendelea kula.

Sasa ushuru. Ukinunua nyumba Kenya, bei uliyokubaliana na mwenye nyumba si mwisho wa safari. Serikali ina ushuru wa stempu, na bila huo hati haiwezi kutoka kwa jina la mwenye kuuza kuja kwa jina lako. Unaweza kuwa umelipa kila senti na bado sheria ikakuona mpita njia. Nilikuwa nimesikia kwa walimu wenzangu kwamba mjini ni asilimia nne na mashambani ni mbili. Kwa hiyo nilipiga hesabu yangu ya asilimia mbili, nikaikagua mara mbili, nikaipeleka kwa karani wa wakili wetu nikiwa na uhakika wa mwalimu.

Karani ni mtu wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani yake kabla ya kukupa habari mbaya. Aliifuta.

"Mwalimu, hiyo ni nne, si mbili. Hapo ni town."

"Town gani? Kuna ng'ombe pale."

"Hata ng'ombe wako town. Mpaka wa jiji unapita huko mbele."

Kisha akaniongezea lingine. Ushuru hauhesabiwi kwa bei mliyoandika tu. Mthamini wa serikali huja kuiona nyumba na kusema kwa maoni yake ina thamani gani, na kati ya bei yenu na yake, ile kubwa ndiyo inayotozwa. Yule mama alikuwa ametuuzia kwa bei ya huruma kwa sababu alitaka majirani wa kukaa, si watu wa kujenga baa. Huruma yake serikali haikuijua. Barabara ilikuwa na lami, na lami ilikuwa na bei yake. Karani alikadiria mthamini atapanda juu sana.

Kulikuwa pia na kodi ya faida, ambayo ni ya anayeuza. Yule mama alipoisikia aliuliza, "Faida gani, na mume wangu ndiye alichoma hayo matofali?" Karani alisoma karatasi zake na kusema kiwango chetu ni kidogo, haimgusi. Yule mama alicheka, dada yangu akacheka naye. Nakumbuka kwa sababu siku hiyo dada alikuwa amekuja na futi yake ya kushonea, akapima madirisha yote mawili kwa ajili ya mapazia na kuandika vipimo kwenye kiganja. Yule mama alimwita fundi tangu siku hiyo.

Pesa za ushuru tulizikusanya upya, asilimia nne pamoja na nyongeza ya wasiwasi. Dada aliuliza ni stempu gani hiyo yenye bei ya pikipiki, na barua yenyewe inakwenda wapi. Zilipotimia tulitia sahihi fomu ya kuhamisha hati, mimi na yule mama. Kuanzia hapo siku zinahesabiwa: zikipita thelathini kabla hujalipa, faini inaanza.

Siku ya tisa dada yangu alianguka kwenye cherehani. Alikuwa ameshika mkono mmoja wa shati na wa pili ulikuwa bado mezani. Daktari alisema presha ndiyo iliyomuua. Mimi nilisema asante, daktari, na nikatia sahihi mahali aliponionyesha.

Sijui nieleze vipi hali niliyokuwa nayo wiki zile. Watu walidhani nina nguvu. Sikuwa na nguvu, nilikuwa sina kitu. Nilisahihisha mitihani ya gredi ya sita yote, madaftari hamsini na mawili, na sikukosea hata moja. Nilikula nilipoletewa. Mtu akilia karibu nami nilimpa kitambaa na kungoja amalize.

Kaka yetu ndiye mwenye boma sasa, kule Nyakach, ukishapita Pap Onditi. Nilikwenda kuongea naye. Hakuwa mkali. Aliniwekea kiti, akaniletea soda, akasema mahali pa dada pameshaonwa: nje ya ua, upande ambao ng'ombe hupita kwenda mtoni.

"Ni hatua ngapi kutoka kwa mama?" nilimuuliza. Mama yetu amezikwa ndani, kando ya nyumba yake.

"Kama thelathini hivi. Lakini ua wa minyaa uko katikati."

"Mwingize ndani."

"Nyamera, dada yangu, hii mila si mimi nilitunga. Nikimwingiza, kesho mtoto wangu akiugua watasema nini?"

Nilimaliza soda yangu. Nilimwambia basi sitamleta, na yeye akasema kama sitamleta asilaumiwe kwa gharama. Hatukugombana. Nilikasirika baadaye sana, kama miezi saba baadaye, nikiwa napanga foleni benki, na hasira ilikuwa kubwa hivi kwamba nilitoka kwenye foleni. Lakini siku ile hapakuwa na kitu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa yule mama. Nilimwambia ukweli: nyumba nimelipa, lakini hati bado ni yako, kwa hiyo ardhi ni yako, na mimi nina maiti.

"Nyumba ulishalipa," alisema. "Leta mtoto, nyara, binti yangu."

Tulimzika Jumamosi, watu wachache. Mchungaji wetu, mafundi wenzake wanne wa Kondele, walimu wawili. Yule mama na majirani wake walipika. Mochari, jeneza, gari, chakula, vyote vilitoka kwenye pesa za stempu kwa sababu hapakuwa na pesa nyingine. Nililipa kwa mpangilio na kuchukua risiti. Bado ninazo.

Mashemeji wa yule mama hawakunyamaza. Walimjia Jumatatu. Walisema hati bado ina jina la mke wa ndugu yao, kwa hiyo aliyezikwa pale ni mgeni ndani ya ardhi ya ukoo wao, na mwanamke mwenyewe ni wa kurudi nyumbani, ambaye hata kwao wamemkataa. Walisema watangoja waone kama karatasi itageuka jina. Isipogeuka, nitafute mahali pengine pa kumpeleka. Yule mama alinisimulia bila kuongeza chumvi, akaniuliza, "Hiyo karatasi itatoka lini?"

Ilikuwa siku ya kumi na tisa. Nilikuwa na robo ya pesa. Mshahara wangu ulikuwa umeshakatwa mikopo hadi pale ambapo sheria hairuhusu kukata zaidi. Nilikwenda kwa karani, nikamweleza yote, naye akafuta miwani.

"Hiyo kaburi," alisema polepole, "inaweza kusaidia."

Alinieleza kama mtu anayemweleza mwalimu hisabati, kwa uangalifu. Kaburi la familia ya anayeuza, likibaki kwenye ardhi inayouzwa, linashusha thamani. Watu hawapendi kununua makaburi ya wengine, tena hao wengine lazima waruhusiwe kuja kuyaona. Mthamini akiliona atapunguza, labda arudi hadi kwenye bei yetu ya mkataba. Lakini kaburi la anayenunua halishushi kitu, kwa sababu amelileta mwenyewe kwa hiari yake, kama mtu aliyejenga banda la kuku.

"Sasa mwalimu, ukiulizwa, wewe sema tu uliikuta."

Nilimuuliza kama itatosha. Akasema ikishuka hadi bei ya mkataba, ninaweza kufika nikijikaza. Nikasema sawa. Nilisema kama mtu aliyeulizwa kama atachukua chai ya maziwa au ya rangi.

Mthamini alikuja Jumanne mchana. Viatu vyake vilikuwa vimejaa vumbi jekundu na alionekana mtu asiyependa kusumbua. Alizunguka nyumba, akagonga ukuta kwa kidole, akahesabu mabati, akaandika miti mitatu. Alitoa futi akapima dirisha. Namba alizosoma kwa sauti nilizijua tayari. Nilikuwa nimeziona kwenye kiganja.

Kisha akafika upande wa nyuma, akasimama. Udongo ulikuwa bado umevimba, na maua ya karatasi yalikuwa yamepauka kwa mvua na jua.

"Hii kaburi ni mpya," alisema.

"Ndiyo."

"Ni ya watu wa mama anayeuza?"

Nimeufikiria muda ule mara nyingi, na ningependa kusema kwamba nilisita, au kwamba nilihisi kitu kikinikaba. Sikusita. Nilikuwa nimevaa kitambaa cheusi kichwani, na mtu yeyote mwenye macho angeona. Nafikiri aliona. Alingoja kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

"Ndiyo," nilisema. "Nilikuta iko."

Akaandika. Alipofunga daftari alisema, "Basi umpe pole."

"Nitamwambia," nikasema.

Majibu yalirudi baada ya siku chache. Thamani: sawasawa na bei ya mkataba. Niliuza cherehani. Aliyeinunua ni fundi mwenzake mmoja wa Kondele, aliyeniomba radhi mara tatu huku akihesabu noti. Nikajumlisha na robo yangu, nikakopa kidogo kwa mwalimu mkuu, nikalipa ushuru benki siku ya ishirini na nane. Faini haikunigusa. Nilikuwa nimeshinda, kama mtu anaweza kuliita hilo jina hilo.

Hati ilipotoka, karani alinipa pamoja na nakala ya ripoti ya mthamini, niiweke. Nilisoma pale pale ofisini nikiwa nimesimama. Nyumba moja ya kudumu, haijapigwa lipu. Miti mitatu. Kaburi moja, la familia ya muuzaji, ambayo itahitaji ruhusa ya kulitembelea. Kulikuwa na muhuri. Nina mazoea ya kusoma karatasi yoyote nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, na mkono wangu ulikuwa tayari umeingia kwenye mkoba. Niliutoa. Mume alimrudisha dada, kaka akampangia nje ya ua, na mimi nilimwandikisha kwa watu wengine ili nipunguziwe. Nililiwaza hilo kwa utulivu kabisa, kisha nikauliza choo kiko wapi, nikaenda nikanawa uso.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na hati ndani ya bahasha. Nilitaka kumwonyesha yule mama kwanza, halafu awaonyeshe mashemeji zake. Sikumkuta kwake. Nilimkuta nyuma ya nyumba yangu, ameinama, anafagia kaburi kwa ufagio wa vijiti. Alikuwa ameng'oa magugu pande zote na kupanga mawe madogo kuzunguka udongo, mawe ya hapo hapo, yale meupe.

Nilimwamkia. Nikamwambia karatasi imegeuka jina. Alishukuru Mungu, akaendelea kufagia.

"Yule mtu wa serikali alinipigia simu," alisema. "Siku ile alikuja. Aliniuliza, mama, hiyo kaburi ni ya watu wako?"

Nilihamishia bahasha mkono wa pili.

"Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza ni nani yangu. Nikasema ni mtoto."

"Kwa nini ulisema hivyo, mama?"

Alinyooka, akashika kiuno. Alinitazama kama ninavyowatazama watoto wanaouliza jambo nililokwisha kueleza.

"Wewe ulikuwa umesema tayari. Sasa mimi nikufanye mwongo, na mtoto mwenyewe amelala hapa?"

Aligonga ufagio kwenye jiwe kutoa udongo. Kisha alisema, kwa sauti ya mtu anayekuja kukopa chumvi, kwamba sasa ardhi ni yangu, na hataki kuingia kwa mtu bila kuuliza. Je, nitamruhusu aje kufagia siku za Jumamosi? Maana akishasema kwa serikali kwamba ni mtoto wake, atamwachaje na magugu?

Nilimwambia aje. Nilimwambia siku yoyote. Bahasha ilikuwa mkononi mwangu, na nilitaka kumweleza kuhusu asilimia nne, na lami, na ile robo, na jinsi hesabu ilivyokuwa haiwezekani kwa njia nyingine. Ni kweli haikuwezekana. Nimeirudia mara nyingi tangu siku hiyo na jibu ni lile lile.

"Mimi kitu kimoja tu sijui," alisema. "Nilizoea fundi, fundi. Na siku ya mazishi nilikuwa jikoni, mchungaji sikumsikia vizuri. Mtoto wangu huyu anaitwa nani?"

Nilikumbuka hapo kwamba hakuna aliyekuwa ameniuliza. Jina lake halikuwa kwenye mkataba wala kwenye hati, na kwenye ripoti alikuwa kaburi moja. Nikamtajia. Yule mama alilirudia, akalikosea kidogo, akaniomba nilitaje tena.

Nikalitaja tena. Mara ya tatu halikutoka. Kilichotoka kilikuwa kilio, kibaya, cha sauti, nikiwa nimesimama na hati yangu kwenye ardhi yangu mwenyewe, na yule mama akaweka ufagio chini.